Kundi la Kusubiri

Watu walimwita Mpimaji, na yeye hakulipenda jina hilo. "Mimi si fundi cherehani," alisema, lakini akiitwa aliitika. Mbele yake mimi nilisema Mama, kwa sababu alikuwa na umri wa mama yangu, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijavuta kiti. Nyuma yake nilisema Mpimaji kama wengine wote.

Kazi yake ilikuwa kuangalia watoto waliochelewa. Mtoto hajakaa, hajatembea, hajasema, au yuko darasa la tatu na hajui herufi. Analetwa kwake, naye anatakiwa aseme tatizo ni nini na mtoto aende wapi. Shirika lililomwajiri lilikuwa na turubai lake kambini, upande wa Kasulo. Siku nyingine tulikwenda vijijini na gari, mara Kirushya, mara huko Biharamulo kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi kuliko sisi Wahangaza, wenyeji wa Ngara, kuni zimekwisha, barabara vumbi tupu la malori. Mimi nilichukuliwa kuwa mkalimani. Sikuwa nimesomea chochote. Mhangaza na mkimbizi wakikaa pamoja wanaelewana, kila mmoja anamcheka mwenzake kidogo namna anavyotamka, basi. Mpimaji alikuwa Mhaya, kwa hiyo alihitaji mdomo wangu.

Niseme mapema kwa nini niliitaka kazi ile, maana sipendi kuzungukazunguka. Nilikuwa na mtoto, anaitwa Deo. Alikuwa na miaka mitatu na hakusema. Si kwamba alisema vibaya, hakusema kabisa. Mama mkwe wangu alisema atasema tu, hata baba yake alichelewa. Baba yake alisema niulizwe mimi niliyemzaa. Nilitaka mtu anayejua aniambie mtoto wangu ana nini, na kama kuna pa kumpeleka nimpeleke angali mdogo. Nilipoanza kazi nilidhani nitajibiwa wiki ileile.

Mpimaji alikuwa mwembamba, mrefu, na miguu mikubwa ambayo aliiona aibu, akawa anaificha chini ya meza. Alitafuna kahawa. Kwao ndiyo heshima ya mgeni, kahawa iliyochemshwa na maganda yake na kukaushwa, na yeye aliibeba kwenye kikopo cha ukindu kilichosukwa vizuri sana. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kumwambia mama habari mbaya, alimpa kwanza punje za kahawa atafune. Nadhani alitaka mama yule awe na kitu mdomoni. Wanawake wa kambi wakaishtukia mapema sana. Ikawa Mpimaji akifungua kikopo, mama anakwambia kabla hujatafsiri, "Mwambie sitaki kahawa. Mwambie mimi nataka maneno." Mimi alinipa kila siku kwa kuwa tulikaa meza moja, hivyo kwangu kahawa haikuwa na habari yoyote.

Shirika lilikuwa na majina yake marefu ya kuwagawa watoto, ya kizungu, na Mpimaji aliyajua yote. Lakini kwa mdomo alikuwa na makundi yake manne. Wa kwanza ni wa uji: njaa tu imewarudisha nyuma, wapewe uji na maziwa watainuka. Wa pili ni wa dawa: masikio yanatoa usaha, macho hayaoni vizuri, wana kifafa, au degedege liliwahi kuwapitia. Wa tatu ni wa masista. Hao ni wale ambao akili yao haitafika ya wenzao, wapewe uji wasipewe. Masista huko Biharamulo walikuwa na darasa lao na bweni, wakiwafundisha kula, kunawa, kusema kwa ishara, kufanya kazi ndogondogo. Walipokea wadogo tu. Mtoto akishapita miaka saba walikataa, walisema mkono umeshakomaa. Wa nne ni wa kusubiri, yaani yeye mwenyewe hajui, warudi tena.

Majina haya yalitoka turubaini yakaenea hadi sokoni. Ungemsikia mwanamke kwenye foleni ya maji anapiga kelele, "Wangu ni wa uji! Wangu ni wa uji tu!" na wenzake wanampigia vigelegele, utadhani mtoto amefaulu darasa la saba. Wa masista hawakupigiwa kelele. Mama zao walijifunga kanga vizuri wakaondoka.

Alikataza maneno taahira, zezeta, punguani, bubu. Ukiyasema mbele ya mtoto alikutoa nje, awe mzazi, awe padri. Kumbe yeye mwenyewe aliyatumia, ila kwa watu wazima. Dereva wetu alikuwa na haraka ya kuzaliwa nayo, na kila gari liliporuka shimo Mpimaji alisema, "Zezeta wewe, unatuua." Siku moja dereva akamwambia, "Mama, si ulilikataza neno hilo?" Akajibu, "Nimelikatazia watoto. Wewe una ndevu." Tulicheka hadi Kirushya. Ni moja ya siku chache ninazokumbuka kwamba tulicheka.

Uvumilivu wake ulikuwa wa ajabu na ulikuwa na mipaka ya ajabu. Kwa mtoto angeweza kukaa asubuhi nzima akimngojea aweke kijiti juu ya kijiti. Kwa chai iliyochelewa alifoka. Kwa mama aliyelia aliendelea kuandika, halafu akasema, "Lia tu mwanangu, mimi naandika." Nilitafsiri hivyohivyo. Mwanzoni nilimwona katili. Baadaye nami nikawa nakaa hivyohivyo, mtu analia na mimi nahesabu matundu ya turubai. Kila siku walilia, na moyo nao huchoka.

Kuna jambo moja namsifia hadi leo. Shule moja ya huku kwetu ilikuwa na msichana wa darasa la tatu aliyepigwa kila siku kwa kutojua kusoma. Mwalimu alisema ni mjinga, na mjinga dawa yake ni fimbo. Mpimaji akakaa naye. Akamwambia hadithi ndefu, msichana akairudia yote bila kuacha kitu. Akampa hesabu za mdomo, akazijibu. Akampa kitabu, macho yakaanza kutangatanga na jasho kumtoka. Mpimaji akamgeukia mwalimu, "Akili anayo. Masikio anayo. Ila herufi kwake hazitulii, leo hii iko hivi, kesho imegeuka. Hata umpige hadi afe, hazitatulia kwa fimbo." Mwalimu akaonyesha daftari, akasema tazama hata kura na kula hajui kutofautisha. Mpimaji akamtazama. "Hilo amelitoa kwako, mwarimu," akasema, akachanganya r na l vilevile mwalimu mwenyewe alivyozichanganya. Kisha akamfundisha msichana kuandika herufi kwa kidole kwenye mchanga, kubwakubwa, moja kwa siku nyingi. Alisoma hatimaye. Si vizuri sana, lakini barua ya posa alijisomea.

Sasa nije kwenye kosa lake, maana bila hilo huwezi kumwelewa.

Kila mtoto aliyeingia aliulizwa kwanza maswali mepesi ya kumzoesha. Unaitwa nani? Kwenu ni wapi? Baba anaitwa nani? Mtoto wa miaka mitano asiyejua jina lake ni wa kutazamwa, ndivyo alivyofundishwa Mpimaji, na mimi niliona ni sawa, wewe ungeona vipi? Basi akaja msichana mmoja wa kambini na mama yake. Alikuwa na uso mpana, safi, nywele zimenyolewa. Akaulizwa jina, kimya. Akaulizwa kwao, kimya. Akatutazama tu. Wakarudishwa wiki iliyofuata, na iliyofuata, kimya kilekile. Mama yake naye aliulizwa kama mtoto anasema nyumbani, akainamisha kichwa, akasema mtakavyoona ninyi. Wakimbizi walijibu hivyo kila ofisi. Mpimaji akafungua kikopo cha kahawa. Msichana akawa wa masista. Akapandishwa gari kwenda Biharamulo, na hata alipoagana na mama yake hakutoa sauti.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja nilikuwa nje ya turubai nafua kitambaa cha meza, nikamsikia mama kwenye foleni anamwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "Akikuuliza unaitwa nani?" Mtoto kimya. "Akikuuliza tulitoka wapi?" Kimya. "Akikuuliza baba?" Kimya. Mama akambusu kichwani, "Vizuri. Vizuri sana." Nikamgeukia nikamuuliza, mama, mbona? Akaogopa, akataka kuondoka kwenye foleni. Nikamshika mkono. Akasema kwa kunong'ona kwamba njiani, kwenye vizuizi, watu waliouliza majina ndio waliowaua wenzao. Mtoto aliyejibu alikufa na wa kwao. Hivyo wao waliwafundisha: mgeni mwenye kalamu akikuuliza jina, wewe huna mdomo.

Niliingia nikamwambia Mpimaji. Nilitafsiri neno kwa neno kama nilivyozoea. Aliinuka, akavaa viatu vyake, akakaa tena. Wale tuliowaita wa masista na wa kusubiri, wengi wao walikuwa tu watoto watiifu, waliotii kuliko wenzao.

Akaomba gari aende kumrudisha yule msichana. Gari halikupatikana, magari yote yalikuwa yanatumika, kwa sababu ndizo siku ambazo watu wa kambi ile walirudishwa kwao. Barabara ya Rusumo ilijaa watu na mizigo kichwani, hakuna pa kupita. Tulipofika Biharamulo hatimaye, sista alitupokea akicheka. "Huyu mliyesema hasemi? Haya, nani atamnyamazisha!" Alikuwa anasema toka wiki ya kwanza, anaimba, anawaamrisha wenzake. Kitu kimoja tu alikuwa hasemi. Jina lake hakulisema, wala la mama yake, wala la kwao. Mimi nilipiga magoti nikamwomba kwa lugha yake. Nikamwambia hatari imekwisha, mama anakutafuta. Akanitazama kwa uso uleule mpana. Na jina alilojiandikishia mama yake kambini, tulipouliza, halikuwa lake la kweli. Mama alikuwa ameshavuka daraja la Rusumo na maelfu ya wenzake. Hawakuonana tena. Masista wakampa jina lao.

Mpimaji hakulizungumza jambo hili. Kazi iliendelea, maana wakimbizi wengine walikuja, wa nchi nyingine, wakakaa miaka. Ila aliacha kabisa kuuliza watoto majina. Alinunua kuku jike, akawa anamfunga kwenye mguu wa meza. Mtoto akiingia, Mpimaji anaanza kulalamika: "Huyu mbuzi wangu ananisumbua, anataga mayai kila mahali." Mtoto atasikiliza, atamtazama kuku, atamtazama mama yake. Hakuna mtoto anayeweza kuvumilia mkubwa anapokosea hivyo. Hata wale waliofundishwa kimya walipasuka. "Ni kuku!" walisema, na wengine walianguka chini kwa kucheka. Asiyesikia alijulikana, asiyeelewa alijulikana, na hakuna jina lililotajwa. Ilikuwa akili kubwa, sitamnyima haki yake.

Ila kwenye kugawa alibadilika. Kundi la masista likakauka. Mwaka mzima ukapita hajapeleka mtoto mmoja. Masista walituma salamu kuuliza, vitanda viko wazi, je, huko kwenu watoto wote wamepona? Alijibu bado anaangalia. Kila asiyesema alikuwa wa kusubiri. Mtoto mwenye kichwa kikubwa, udenda unamtoka, hata mimi mkalimani ninaona, yeye anasema, "Asubiri." Mama wa watu anaondoka amefurahi.

Na mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Deo nilimleta akiwa na miaka mitatu na kitu. Alimwangalia, akasema, "Huyu asubiri." Nilimleta akiwa na minne, wakati wa kuku. Mpimaji akalalamika juu ya mbuzi wake anayetaga. Deo hakumtazama yeye. Alikwenda akaweka mkono juu ya mgongo wa kuku, akauacha hapo, kuku naye akatulia. Nikamwambia, "Mama, unaonaje?" Akasema, "Mama Deo, asubiri. Tusiharakishe." Nikaenda nyumbani nikampikia mama mkwe wangu ndizi na maharage, nikamwambia umesema kweli, atasema tu.

Alipofika miaka mitano niliuliza. Sita, niliuliza. Niliuliza kwenye gari, kwenye chai, mara moja niliuliza kanisani wakati wa matoleo. "Mama, tumpeleke tu kwa masista? Wakikosea si tutamrudisha, mimi siendi popote." Alinijia juu siku hiyo, sijawahi kumwona vile. "Unataka kumtupa mtoto wako? Asubiri!" Nikamwacha asubiri. Yeye alikuwa amesomea, mimi ni mdomo tu. Deo akatimiza saba, akapita. Masista wasingempokea tena. Siku ile ya kuzaliwa kwake Mpimaji alimletea shati jipya la bluu, na hatukuzungumzia habari hiyo tena.

Shirika likafungwa baadaye, turubai likakunjwa. Yeye akaondoka na kikopo chake cha kahawa bila sherehe. Mimi nikarudi kwenye migomba.

Miaka mingi ilikuwa imepita nilipomwona tena. Nilikuwa nimempeleka Deo hospitali Biharamulo, jino lilimuuma na yeye hawezi kusema ni lipi. Sasa ni mwanamume, ananipita kimo, ana ndevu ambazo namnyoa mimi. Tulishushwa Lusahunga tungoje gari la Ngara. Pale malori makubwa yanapoegeshwa kuna vibanda vya chai, na kwenye benchi la kimoja alikaa bibi kizee, miguu mikubwa imeingizwa chini ya benchi. Binti wa kaka yake ndiye mwenye kibanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakusita hata kidogo. "Mama Deo. Na huyu ndiye."

"Ndiye."

"Hasemi."

"Hasemi."

Tuliletewa chai. Akamtazama Deo muda mrefu, alivyoshika kikombe kwa mikono miwili, alivyoziba masikio lori lilipopiga honi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wa masista. Siku ya kwanza uliponiletea, nilijua. Wengine sikuwa na hakika nao. Huyu nilikuwa na hakika."

Nilisikia maneno hayo na nikaendelea kukoroga chai. "Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema kabla ya yule msichana asiyetaja jina, nikaona haya, wewe ni mwenzangu. Halafu mambo ya yule msichana yakatokea. Baada ya pale, kila nikitaka kusema mtoto hasemi, namwona yeye anaimba kule kwa masista. Nikajiambia labda na Deo. Nilijua si labda, Mama Deo. Nilijua kila mwaka uliponiuliza."

Nilimchukia. Niseme tu, nilimchukia pale kwenye benchi na chai yake mkononi mwangu, na chuki yenyewe haikuwa na moto wowote. Nilitazama mikono yake, imejaa mishipa, nikafikiri amezeeka. Hakuniomba msamaha, nami sikuwa nao wa kumpa.

"Basi mpime sasa," nikamwambia.

"Sasa itasaidia nini?"

"Haitasaidia. Wewe mpime."

Akaweka kikombe chini. Akasogea karibu na Deo, akamgusa kiganja, akamwita, akampa kijiko akampokonya, akaonyesha kitu kwa mbali akaangalia kama macho yatafuata. Alifanya taratibu, kama zamani, huku madereva wakinunua chapati juu ya vichwa vyetu. Alipomaliza alikaa wima.

"Anasikia," akasema. "Akili yake ni ya mtoto wa miaka miwili, pengine mitatu. Alizaliwa hivyo, si kosa lako, wala si la mtu aliyekuroga. Hatasema. Anakujua wewe. Angepelekwa mapema angejifunza ishara za kuomba maji, za kusema wapi panauma. Angejifunza kwenda chooni peke yake, na kuvaa."

"Asante," nikasema. Na ni kweli nilishukuru. Ndiyo maneno niliyoyaendea siku ya kwanza.

Konda akaita Ngara, Ngara. Tukasimama. Deo alikuwa ameshikwa na joto, shati limeachia kifua chote, na upepo wa jioni ulikuwa umeanza. Nikamwambia konda angoje. Nikaanza kumfunga vifungo, kutoka chini kwenda juu, yeye amenyanyua kidevu kama anavyojua. Mpimaji alikaa palepale, akitazama mikono yangu hadi kifungo cha mwisho.